Ua la Mkononi la Mdogo Wangu

Wiki tatu kabla ya harusi yake, mdogo wangu alinipigia akaniambia kwamba ua la mkononi nitachagua mimi. "Lolote utakaloona linanifaa, dada," akasema, akaniachia salamu za wanangu, akakata simu. Nilibaki nimesimama jikoni kwangu Mbeya, mwiko mkononi, nikijiuliza kwa nini mimi. Alikuwa na matroni wa kumsimamia, alikuwa na kamati nzima kule kwao Kilolo, na wauza maua Iringa mjini hawakosekani.

Inabidi nieleze tulivyo. Mama alifariki mimi nikiwa darasa la pili na yeye ana miezi mitatu. Mama mdogo alikuja msibani, na siku ya kuondoka aliondoka na mtoto mgongoni, mimi nikabaki na baba. Hakuna aliyeshangaa, maana kwetu mtoto mchanga wa marehemu huchukuliwa na upande wa mama. Tukakua hivyo, tukionana kwenye misiba na likizo mbili tatu. Akiongea Kihehe na mama mdogo, mimi hucheka pale wanapocheka wao. Nilikuwa namtumia vitenge, na viatu ambavyo baadaye niliambiwa havikumwenea. Kwa hiyo kazi ile ilinitia hofu. Nikikosea, yeye angejua, kuliko mtu mwingine yeyote, kwamba dada yake hamjui.

Nilikwenda sokoni Mwanjelwa kwa mama mmoja anayefunga maua ya harusi. Hakuniuliza nataka nini. Aliniuliza bibi harusi yukoje.

"Mrefu au mfupi?"

"Wa kawaida."

"Mweupe, mweusi?"

"Wa kati."

"Mpole au mchangamfu? Maana mpole ukimpa ua la kumwagika hadi magotini, linammeza."

Nikasema inategemea. Yule mama akaweka mkasi chini. "Samahani dada, huyu ni mdogo wako wa damu?"

Nilipandwa na hasira, nikamwambia nimekuja kununua maua, sikuja kujaza fomu. Nikatoka. Nilipofika nje nikakaa barazani kwa mtu nisiyemjua.

Nikaanza kuuliza watu. Mama mdogo alisema nyekundu, tangu utotoni haoni kitu ila nyekundu. Matroni akasema jamani, nyekundu haipendi hata kidogo, tena rangi za kamati ni damu ya mzee na krimu. Nikamuuliza kwani damu ya mzee siyo nyekundu? Akacheka mpaka akakohoa. Nikafungua picha anazoweka kwenye simu: gauni la njano, kilemba cha njano, kisha picha nne amevaa nyeusi. Kwenye moja amesimama na mchumba wake wanalingana mabega, na mimi mchumba yule nilimwona siku ya kujitambulisha, ni mrefu kama mlango. Kumbe mdogo wangu ni mrefu. Nilikuwa bado namwona kama nilivyomwacha likizo moja, akiwa na sare ya shule iliyompwaya.

Niliwapigia wote, isipokuwa yeye. Ningeanzaje kumuuliza mtu wa tumbo moja na mimi, mtu mzima anayeolewa, kwamba unapenda nini? Niliona hiyo ni aibu kubwa kuliko kukosea.

Mwishowe nikarudi Mwanjelwa, nikachagua ua la waridi jeupe, la mviringo, lenye majani machache ya kijani, kwa kuwa nyeupe haigombani na mtu. Yule mama wa Mwanjelwa alilifunga vizuri. Akasema ni zuri, ila ni la mtu yeyote. Nikalipa nikaondoka, nilikuwa nimechoka.

Ijumaa nikapanda basi la Iringa, boksi mapajani. Mbeya tulitoka na masweta, lakini ukiteremka kwenye tambarare ya Mbarali joto linakupokea bila hodi, na Igawa basi lilisimama muda mrefu kwenye jua. Nilipofungua boksi, kingo za maua zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya chai. Abiria wakawa madaktari. Mmoja akasema nyunyizia maji baridi, mwingine akasema maji yanaozesha, tia sukari kwenye mashina, mwingine akanipa kidonge chake cha kichwa nikisage. Nilifanya yote. Sijui ni lipi lililoyamaliza.

Kesho yake Kilolo, asubuhi ya harusi, matroni alipofunua boksi chumbani kwa bibi harusi, alishika mdomo. Waridi lilikuwa limeinama lote upande mmoja. Akasema tusihangaike, maua meupe yamejaa kule bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za mboga, dakika kumi yatakuwa yamekatwa.

"Hapana," mdogo wangu akasema. "Nitashika haya." Akamwomba matroni atupishe kidogo.

Nilianza kuomba msamaha, nikachanganya jua la Igawa, sukari na kidonge. Alinisikiliza amekaa ukingoni mwa kitanda, gauni limejaa chumba. Nikamuuliza lile lililonisumbua wiki tatu: kwa nini ulinichagua mimi?

"Nilijua hujui napenda nini," akasema. "Na mimi ya kwako siyajui. Nikasema, nikimpa hii kazi, lazima atanipigia aniulize. Basi na mimi nitamuuliza ya kwake. Wiki tatu nalala na simu, dada. Ikilia najua ndo wewe, kumbe ni kamati."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua la kufanya. Sikuelewa, na hata leo sielewi, kama kuyashika yale maua mbele ya watu ilikuwa kunisamehe au kuniadhibu. Nilijisikia mjinga, nikalia, nikafuta machozi kwa khanga nisimchafue. Halafu nikamuuliza, "Unapenda maua gani?"

Honi ililia uwanjani. Akasimama, kweli mrefu, akachukua lile ua lililoinama.

"Gari limefika, dada," akasema. "Nishikie gauni lisiguse vumbi."

Nikalishika.