Vidonge Nilivyopitisha Mlangoni

Habari za kutapika nilidhani nazijua kuliko mtu yeyote Karatu. Ni miaka kumi na moja napeleka watalii kreta, na zile kona za kupanda baada ya geti la Ngorongoro zimewatapisha wageni wa kila taifa kwenye gari langu. Namjua atakayetapika kabla mwenyewe hajajijua: anaacha kuuliza maswali, anameza mate, anafungua kifungo cha shingoni. Nasimamisha gari, nampa maji na kidonge, na baada ya muda anapiga picha nyati. Kwa hiyo mke wangu alipoanza dripu za saratani ya titi, nilijisemea kwamba hili la kutapika waniachie mimi. Kujiamini kwangu, jamani!

Dripu zilikuwa sita, moja kila baada ya wiki tatu, tukizifuata hospitali ya mbali, safari ya kutwa nzima. Siku ya kwanza muuguzi alitupa vidonge vya kuzuia kichefuchefu akaeleza taratibu, tena kwa upole. Mke wangu alikuwa amelala na sindano mkononi. Wa kusikiliza nilikuwa mimi. Nami nilikuwa natikisa kichwa huku simu inatetemeka mfukoni, ofisini wanataka kujua kama nitawapokea wageni wa kesho. Nilichoshika ni "asubuhi na jioni, siku tatu". Mengine yote yalinipita.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta mama mkwe ameshafika kutoka Kansay kumuuguza binti yake, na kuku wawili na unga wa mahindi. Akalala chumbani kwetu na mgonjwa, mimi nikahamia kwenye kochi la sebuleni. Sasa, baba yangu alikuja huku kutoka Singida kufanya kibarua kwenye mashamba ya kahawa, na katika nyumba aliyotulelea kulikuwa na jambo moja lisilojadiliwa: mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hata kama nyumba ni yako. Hata kama kitanda umekinunua wewe. Basi nikawa nasimama nje ya chumba changu mwenyewe, nasema shikamoo mama, napitisha kidonge na glasi ya maji kwenye upenyo wa mlango, na mkono wa mama mkwe unavipokea.

"Atameza sasa hivi, mama?"

"Atameza, baba. Wala usiwe na wasiwasi."

Na mle ndani mke wangu anatapika. Anatapika mpaka nasikia kabisa kwamba hana kitu tena tumboni, na bado anaendelea. Nilichanganyikiwa. Dawa nimeitoa kwa mkono wangu, saa niliyoambiwa, na haifanyi kazi! Nikashuku imeharibiwa na joto la gari. Nikashuku wametupa ya mgonjwa mwingine. Nikashuku ugonjwa umehamia tumboni na wanatuficha. Kila siku nilikuwa na jibu jipya, na kila jibu lilinivuruga zaidi.

Dripu ya pili ilimlaza siku tano. Siku ya sita alitoka akijishikilia ukutani, akakaa uani kuota jua, midomo imekauka, amejifunika sweta langu na kanga mbili kwa baridi ya Julai. Akaniambia bila kunitazama:

"Dripu ya tatu mimi siendi."

"Unasemaje?"

"Siendi. Nimechoka. Kila mtu apumzike."

"Wewe mwanamke una akili kweli? Unataka kufa kwa ajili ya kutapika?"

Hata sentensi haijaisha nilikuwa nimeshajuta. Mimi ndivyo nilivyo, nikiogopa napiga kelele. Alijifunika uso kwa kanga. Daktari alikuwa ametuambia uvimbe umeanza kusinyaa, na kwamba tukikatisha katikati tutakuwa tumeufungulia njia. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya dripu hiyo, na nilimjua mke wangu: akisema hapana kwa sauti ya chini namna ile, hata askofu hamgeuzi.

Kuna jambo wageni hufanya siku ya kuondoka. Wakishafunga mabegi wanakuachia vitu: kofia, tochi, mafuta ya jua, na dawa zilizobaki. Madereva wengi tuna mfuko wa dawa hizo nyumbani, maandishi ya lugha tusizozijua, na tunagawiana kama karanga. Wiki ile ile mama mmoja wa Kijerumani aliniachia pakiti karibu nzima. Nilipomuuliza ni ya nini, alijishika tumbo, akaonyesha kwa mkono kitu kinachopanda mpaka kooni, kisha akatikisa kidole: hakuna tena. Nikaona Mungu amenijibu kwa njia ya Ujerumani.

Jumapili mama mkwe alipokwenda misa nilimpa mke wangu vidonge viwili, pale pale uani. Akanywa uji vijiko vitano na haukurudi. Furaha niliyokuwa nayo! Saa sita nikampa viwili vingine. Saa tisa nikaongeza viwili, ili kushindilia. Mama mkwe sikumwambia. Ningemwambiaje, kupitia upenyo wa mlango?

Saa kumi hivi nilisikia mama mkwe anapiga yowe uani. Shingo ya mke wangu ilikuwa imepinda kuelekea nyuma, macho yametazama juu hayashuki, taya zimekaza. Alikuwa anatusikia, machozi yanamtiririka, ila ulimi haumtii. Mama mkwe alikuwa anasali kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, huku anamvuta kichwa kukirudisha mahali pake. Nilijua nimemuua. Nilimbeba mpaka kwenye gari la kazi na sikumbuki nilivyofika hospitali ya hapa mjini.

"Amekunywa dawa gani leo?" akauliza daktari, binti mdogo tu.

"Za hospitali."

"Zote alizomeza, baba. Nisaidie nimsaidie."

Nikatoa ile pakiti. Jina la dawa alilisoma mara moja, Kijerumani cha pakiti hakikumsumbua. Akauliza vingapi. Nikasema sita. Akauliza tangu jana? Nikasema tangu asubuhi. Aliniangalia kidogo, akasema vimezidi, ndivyo vilivyomkaza misuli, kisha akaita muuguzi wakamchoma sindano, na kabla ya robo saa shingo ikaanza kulegea, macho yakashuka, akanitazama. Nilikaa sakafuni.

Daktari akarudi kwenye vidonge tulivyopewa siku za dripu. Amemeza vingapi? Vyote, nikasema, kumi na viwili, nimevitoa mwenyewe. Mama mkwe akakohoa. Akafungua mkoba wake wa misa akatoa pakiti kuukuu ya majani ya chai, akaimimina kwenye meza ya daktari. Vilikuwa vidonge tisa.

"Nyongo lazima itoke kwanza," alisema, na wala hakuona haya. "Sisi tunamwacha mgonjwa atapike mpaka ile ya njano. Sumu kama hiyo ya dripu mkiifungia tumboni itamuua. Nilikuwa nasubiri itoke yote, ndipo nampa kimoja alale."

Nilimwangalia mama yule kwa hasira. Kisha nikaangalia pakiti ya Mjerumani mezani, kando ya ile ya majani ya chai.

Daktari hakumcheka yeyote kati yetu. Alimwambia mama kwamba dripu inapita kwenye damu, haikai tumboni kungoja kutapikwa. Mtu akitapika hivyo anapoteza maji na nguvu tu. Kidonge kinamezwa kabla kichefuchefu hakijaja, asubuhi na jioni kama kilivyoandikwa, hata siku anayojisikia vizuri. Akikitapika, au kikishindwa kazi, tupige simu hospitali wabadilishe dawa, tusimrudishie kwa kukisia. Na hakuna kuongeza kitu kingine bila kuwauliza, hata mgeni awe mwema namna gani. Nilimwomba arudie yote. Safari hii simu niliizima.

Daktari alipotoka, mama mkwe akanigeukia.

"Baba, na mimi nikuulize. Wiki zote hizi unaishia mlangoni tu. Kwa nini huingii kumwona mkeo?"

"Mama, wewe si unalala humo? Nitaingiaje?"

Alinishangaa kweli kweli. "Mimi ni mama yako. Nani alikukataza?"

Ndipo mke wangu akazungumza, ulimi bado mzito.

"Mimi nilidhani unanionea kinyaa."

Nikamwambia sikusikia vizuri. Nilikuwa nimesikia.

"Natapika, unaniletea glasi, unaondoka. Nywele zimenyonyoka, titi ndilo hili. Nikasema, hivi napona ili nirudi kwa nani?"

Miaka kumi na sita ya ndoa. Nililia pale mbele ya mama mkwe, kwa sauti, na kule Singida wangenizomea.

Dripu ya tatu alikwenda. Kidonge cha kwanza alikimeza kabla hawajamwekea sindano, na mama mkwe alisimama pale akihakikisha kimeshuka. Siku mbili zikapita salama. Siku ya tatu asubuhi mama aliniita, nikavua viatu nikaingia, nikakaa kitandani, nikamshika mke wangu mgongo. Beseni lilikuwa mbali. Alitapika mara moja, mikononi mwangu na kwenye shati. Sikujivuta. Alipomaliza aliinua kichwa akanitazama usoni, kwa makini, akitafuta kile alichokuwa anakiogopa. Nikamwacha atafute.