Msasa na Mdomo wa Kaka Yake

Kazini walimwita Msasa, kwa sababu hakuna ukingo uliopita mikononi mwake bila kulainishwa. Duka lao lilitengeneza mabango na stika za madirishani. Wateja walileta picha ndogo kama ukucha, zimetumwa simu hadi simu mpaka zimechoka, wakataka ziwe kubwa kama mlango. Picha ya namna hiyo ukiikuza huvunjika kuwa miraba, kama sakafu ya vigae. Msasa aliketi mbele ya kompyuta akaizungushia kila sura mistari, kwani mistari hukua bila kuvunjika. Kisha mashine iliifuata kwa wembe, ikakata.

Alikuwa na mtindo wake. Picha ya mtu aliigeuza kwanza kichwa chini.

"Nikimwona mtu, mkono utachora ninayemdhania," alisema. "Nikiona madoa, nitachora madoa yaliyopo."

Kaka yake alifia machimboni, mbali, akazikwa huko huko kabla habari haijafika nyumbani. Ilibaki picha moja tu: wafanyakazi mbele ya lori, naye nyuma kabisa, uso mdogo kuliko punje ya mahindi. Na sasa macho ya mama yao yalikuwa yakififia. Daktari alikwisha kusema kwamba dawa zingechelewesha upofu tu.

"Nikuzie mwanangu," mama alimwambia. "Mweke hapo ukutani, nimwone kabla giza halijaingia lote."

"Mama, ile picha haina kitu. Ni vidoa."

"Wenye duka la matairi umewachorea simba mzima kutoka kwenye picha ya kopo la rangi. Kaka yako ndiye anayekushinda?"

Kazini aliigeuza picha kichwa chini. Haikusaidia. Hata kichwa chini alikuwa kaka yake. Macho yalikuwa miraba miwili myeusi. Mdomo, safu fupi ya miraba ya kijivu, mmoja wa pembeni umeshuka chini ya wenzake. Uchafu, alijiambia. Uchafu wa aina hiyo aliufuta kila siku.

"Msasa, unamchora au unamchumbia?" aliuliza mwenzake wa mashine ya kukatia. "Tangu asubuhi mdomo mmoja."

"Ni kaka yangu."

Yule bwana akaenda kuchemsha chai ingawa chai ilikuwapo.

Msasa aliufuta ule mraba, akaupitisha mstari ukiwa laini, ncha hadi ncha. Jioni aliibandika sura ile, nyeusi juu ya ukuta mweupe, mbele ya kitanda cha mama.

Mama alisogea hadi pua ikakaribia kugusa ukuta. Kisha akaweka vidole, maana kingo za stika hupapasika. Paji la uso, akatikisa kichwa kukubali. Pua, akakubali. Alipofika mdomoni vidole vikasimama.

"Huyu nani?"

"Kaka, mama."

"Kaka yako mdomo ulishuka upande huu. Alianguka kwenye ngazi, ukashonwa, wewe hujazaliwa. Nimeulisha uji mdomo ule. Nitausahau?"

Utoto wake wote Msasa aliuona mdomo ule mezani, ukimtania, ukimwita majina. Na alipoukuta kwenye picha aliuona kama uchafu.

"Nitakata mwingine, mama. Kesho."

"Kesho wewe unaijua. Mimi macho yangu siyajui. Bandua."

Aliubandua ule mdomo kwa ukucha. Ukuta ukabaki mweupe mahali pale, na sura bila mdomo ilikuwa mbaya kuitazama. Akatafuta kalamu ya wino mzito, akaiweka mkononi mwa mama. Mama alipapasa chini ya pua, akapima kwa kidole gumba, akachora polepole. Mstari ulitetemeka, ukakatika, ukavimba mahali kalamu ilipotulia, halafu pembeni ukashuka.

Mkono wa Msasa ulikwisha kuinuka. Ncha ile ilihitaji kuguswa kidogo tu, kwa kitambaa.

"Usiuguse," mama alisema, bila kugeuka.

Aliushusha mkono.

"Sasa unamwona, mama?"

Kidole cha mama kilikuwa bado juu ya wino mbichi, kikipita pale mstari ulipopinda, kikirudi, kikipita tena, kikiupaka weusi mdomo ule hadi kidevuni.