Mjomba wa Mtaa Mzima

Umewahi kuuonea wivu mtaa mzima kwa sababu ya mjomba wako? Mwalimu aliwahi.

Alikuwa darasani akifundisha Kiingereza pale lilipojitokeza neno *avuncular*. Akaeleza kwamba ni kivumishi cha kumsifu mtu mzima aliye mpole na mcheshi kwa walio wadogo kwake, kama mjomba kwa wapwa. Husemwa juu ya sauti, tabasamu, hata namna ya kumshika mtu bega.

"Ila mjomba wako wa damu halihitaji neno hili," akaongeza. "Huyo ni mjomba tayari. Linamfaa daktari au bosi asiye ndugu yako."

Akataka kuandika mfano ubaoni, chaki ikasita. Kichwani alikuwa na mtu mmoja tu: kaka wa mama yake, fundi makochi aliyemlea. Kesho yake mzee huyo angehamia kwa binti yake, mji wa mbali. Mwalimu alibakiwa na jioni moja ya kumzuia.

Zamani karakana ya mjomba ilinuka gundi na sufi. Miji yetu imejaa kuta na makufuli. Pale hapakuwa na hata pazia. Mjomba hakuanza kazi kwa futi. Alilivua kochi kitambaa chote, akamkalisha mwenye kochi juu ya springi tupu, kisha akampigisha soga.

"Mtu akijua anapimwa hukaa kama yuko mbele ya hakimu," alisema. "Akijisahau, mgongo unasema kweli."

Basi watu wakajisahau. Waliogombana na wake zao, waliofukuzwa kazi, wote waliingia wakimwita Fundi na kutoka wakimwita Mjomba. Mpwa wa kweli alikaa juu ya rundo la sufi, amenuna, akisema moyoni: huyu ni wangu.

Jioni akamkuta mzee anatia nyundo na sindano ndefu ndani ya gunia.

"Mjomba, kwangu chumba kipo. Shemeji yako... aa, mkweo ameshatandika."

"Umechanganyikiwa mpaka mkeo humjui," mzee akacheka. "Na godoro lenyewe nimeliona. Jembamba kama ahadi ya mwanasiasa."

"Sitanii, Mjomba. Baki."

"Binti yangu ana mapacha, na mumewe hashindi nyumbani. Wewe una nini? Huzuni tu. Hiyo haihitaji mlezi."



Asubuhi iliyofuata lori likaja. Dereva, kijana mwenye uso wa ndita, alikuwa akifoka kwamba mizigo ni mingi na wanamchelewesha. Mzee akapanda mbele, akabonyeza kiti cha dereva kwa kiganja.

"Kiuno kinakuuma upande wa kushoto, au nasema uongo? Kiti kimekufa hapa. Unakivumilia tangu lini?"

Dereva akamtazama, ndita zikalegea. Akaanza kueleza: kiuno, tajiri mwenye lori asiyesikia, safari zisizokwisha. Mzee akawa anaitikia, "Enhe, halafu?"

Mwalimu alisimama barabarani, mkono umeng'ang'ania mlango wa lori.

"Tuondoke, Mjomba?" dereva akauliza.

Mwalimu akauachia mlango.