Mlango wa Tawi la Saba

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Ndivyo methali inavyosomeka Jumanne hii, saa mbili na robo asubuhi, katika chumba cha seva cha kampuni moja ya kusambaza dawa.

Fundi ambaye wenzake humwita Mama Posta ameganda mbele ya skrini, chai inampoa mkononi. Barua pepe elfu arobaini na moja zinasubiri kutoka. Jana saa kama hii zilikuwa sitini.

"Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena," anasimulia. "Nambari ikawa imeongezeka!"

Hakuna hata moja iliyoandikwa na mfanyakazi. Zote, kwa jina la kampuni, zinauza dawa ya kuotesha nywele kwa siku tatu.

Kwa miaka tisa Mama Posta ameyaunganisha matawi kumi na moja na seva kuu, ili barua zote ziendazo nje zipitie makao makuu. Kila tawi hutoa nywila yake kwanza. Mkuu wa tawi la saba ndiye aliyegoma.

"Dada yangu, sisi watoto wa nyumba moja," alimwambia. "Mtoto anabisha hodi kwao?"

Mama Posta aliandika barua tatu za kuonya. Mkurugenzi akaamuru alifungulie tawi hilo mlango usiodai nywila. Akafungua.

"Seva haina macho," anaeleza. "Yeyote aliyesema ni tawi la saba, iliamini. Matapeli walichukua siku nne tu kuuona mlango."

Kufikia adhuhuri, seva za watu wengine zilikuwa zimeisusa kampuni nzima. Oda za dawa za hospitali zikawa zinarudishwa kama posho iliyooza. Bila kumuuliza mtu, Mama Posta akalifungia tawi la saba. Simu ikalia papo hapo.

"Umenifungia ofisi kama banda la kuku!"

"Banda la kuku lina komeo, mkuu. Lako halikuwa nalo."

Ilimchukua siku mbili kuwasihi wenye seva hizo waipokee tena kampuni. Siku hizo mbili tawi la saba liliagiza dawa kwa simu, na mkuu wake akataka aombwe radhi kwa maandishi kabla ya Ijumaa, la sivyo fundi aondolewe kazini.

Nyumbani, mumewe alimsihi: "Mama watoto, andika tu. Samahani haivunji mfupa."

"Wangu inauvunja," akamjibu.

Leo ni Ijumaa. Mpango wake ni kwamba kufikia mwisho wa mwezi pasiwe na tawi linalotuma barua bila nywila. Kumi yako tayari. Anapoueleza mpango huo, mkurugenzi anaingia na karatasi tupu na kalamu.

"Mistari miwili, mama. Yaishe."

Anachukua kalamu, anaandika nywila mpya ya tawi la saba, anaikunja karatasi na kumrudishia.

"Mpelekee. Msamaha siombi."