Nondo Kumi na Mbili

Kwenye daftari langu la zamani kuna mstari mmoja ambao si wa kweli. Unasema: "Leo tumepotea mlimani kwa sababu ya simi ya yule mwenyeji." Niliuandika mwenyewe, nguo zikiwa bado zimeloa. Hilo daftari nimehama nalo nyumba nne hapa Kitengela, na kila nikilipakia najiambia safari hii nitalisahihisha. Sina hakika nitaeleza vizuri, shule niliachia darasa la saba. Lakini mwenyeji yule alipoteza kazi kwa kosa ambalo halikuwa lake, na mimi nilijua.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ranchi za pamoja za Kajiado zilikuwa zinagawanywa, kila mtu apate kipande chake, na mimi nilikuwa kibarua wa mpimaji. Tulisimika bikoni, zile alama za mpaka: kipande cha nondo, unakizungushia saruji, unaenda kwa ingine. Mpimaji alikuwa Mkikuyu wa makamo, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusahau. Nisimseme vibaya. Kazi yote ninayoijua ni yeye alinifundisha.

Siku hiyo tulipanda Ol Doinyo Orok, ule mlima ulio juu ya Namanga, kutafuta bikoni ya zamani kileleni. Kutuonyesha njia tulichukua Mmasai wa hapo chini, mtu wa umri wangu. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe, wakabaki wawili. Mpimaji alikuwa amemwahidi kazi hadi tumalize eneo lote, naye mwenyeji alikuwa ameshamwambia mkewe.

Tulipoondoka kambini mpimaji alitazama simi kiunoni mwa mwenyeji, ule upanga mfupi wa Kimasai.

"Hiyo uiache. Chuma inaharibu dira."

"Mzee, huko juu kuna nyati. Nyati utampiga na dira?"

Mimi nikaingilia, nikijifanya msomi. "Sikia unachoambiwa, bwana. Chuma na dira haziketi pamoja."

"Wewe Mkamba, hiyo ni uganga ya kwenu." Alicheka, akabaki na simi yake.

Bikoni tuliipata. Tulikula mayai ya kuchemsha hapo karibu, kisha tukaanza kushuka, na wingu likatukalia. Sijui niseme vipi. Lilikuja kama mtu amefunika sufuria. Mwenyeji alitafuta njia yake asiione, na huo ni ukweli, alipotea kama sisi. Huko juu ng'ombe hawafiki, naye njia alizozijua ni za ng'ombe. Mpimaji akateleza kwenye mzizi, kifundo cha mguu kikageuka. Tulisikia.

"Simameni," alisema akiwa chini. "Hakuna mtu kutembea. Mtu akipotea kitu ya kwanza inamuua ni miguu yake."

Akatoa ramani ndani ya karatasi ya plastiki, akaiweka juu ya jiwe, akaweka dira juu yake, akazungusha ramani mpaka kaskazini yake ikalingana na mshale. "Tuko hapa, kwa bega la mlima. Barabara iko magharibi, inapita chini kote. Hata ukikosea kidogo utaigonga tu. Lakini kusini kuna genge la mawe. Huko tukienda, watatuokota kwa gunia." Kisha akanipa dira. "Wewe utaongoza. Mwenyeji atatangulia mpaka mahali anakaribia kupotea machoni. Unamwambia songa kulia, songa kushoto, mpaka asimame kwa laini ya dira. Tunamfikia, anaenda tena."

Nilijisikia mkubwa. Mgongoni nilibeba mtungi wa maji, na kifuani nilining'iniza mfuko wa kazi. Mpimaji aliniegemea bega huku akiruka kwa mguu mmoja.

Tulienda hivyo kama saa nzima. Mwenyeji alisimama ndani ya ukungu kama nguzo, mimi nikapiga kelele, akasonga. Halafu akaanza kulalamika.

"Ndugu, sisi tunapanda."

"Tunashuka. Dira inasema magharibi."

"Mtu akishuka anaumwa magoti. Mimi naumwa huku nyuma ya mguu. Uliza mguu wako."

Mguu wangu uliniambia hivyohivyo. Sikuusikiliza. "Dira haina miguu," nikamjibu, na nakumbuka nilifurahia hilo jibu.

Hatukufika mbali tena. Kwenye majani palikuwa na maganda ya mayai. Yetu.

Mpimaji aliketi, uso wake umekuwa wa kijivu. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwenyeji. "Nilisema nini kuhusu hiyo chuma? Nilisema nini?"

Mwenyeji alishika simi kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi. "Lakini mimi niko mbali na yeye, mzee. Niko kule mbele."

"Nyamaza."

Nilikuwa na kiu. Nikavua mtungi, nikavua na mfuko, nikauweka chini, nikasogea hatua chache kutazama dira tena. Mshale uliruka. Nikarudi kwenye mfuko, ukarudi. Nikaondoka, ukaondoka. Nilifanya hivyo mara tatu. Ndani ya mfuko kulikuwa na nondo kumi na mbili za bikoni, na nyundo. Saa ile nzima zilikuwa kifuani pangu, dira juu yake. Mshale haukuwa unafuata kaskazini. Ulikuwa unanifuata mimi.

Watu watasema nilijuaje simi ni chuma nisijue nondo ni chuma. Nimejiuliza sana. Nadhani kile kitu unachobeba kila siku unaacha kukiona. Zilikuwa bikoni tu, zilikuwa kazi yangu. Lakini pia inawezekana najitetea.

Mpimaji alikuwa amefumba macho kwa maumivu. Ningesema hapo hapo. Badala yake nilimwita mwenyeji, nikamwambia, "Weka simi ndani ya mfuko, halafu ubebe wewe, uende nao mbele."

Aliufungua mfuko. Akaona. Aliponyanyua, nondo zikalia. Alinitazama muda wa mtu kumeza mate, akajitwika begani, akaingia kwenye ukungu.

Kutoka hapo dira haikukosea. Magoti yakaanza kuuma, na hakuna maumivu yaliyowahi kunifurahisha hivyo. Kabla jua halijashuka tulisikia lori chini yetu, na barabara ikawa pale pale mpimaji alisema ingekuwa.

Kando ya lami mpimaji alimwambia mwenyeji, bila kelele, kwamba asije kesho. Mwenyeji akasema, "Sawa, mzee." Alichukua simi yake kutoka mfukoni na kunirudishia mfuko, mikono miwili. Mimi nikasema asante. Hilo tu ndilo nililosema. Jioni nikaandika ule mstari.

Siku ya kwanza nilijiambia mguu wa mpimaji upoe kwanza. Ya pili sikumbuki nilijiambia nini. Siku ya tatu nikamwambia. Akasema, "Huo mfuko nilikupakia mimi. Hata mimi sikufikiria." Ilikuwa haki yake kusema hivyo, nami naiandika. Halafu akasema, "Enda umlete."

Nilikwenda kwa mwenyeji. Mkewe alikuwa mlangoni, akaniambia ameshaondoka, amefuata vibarua Kimana, na wale ng'ombe wawili ameuza.

Nilimwona baadaye, kazi ilipotupeleka upande huo. Alikuwa ameinama kwenye shamba la vitunguu la mtu, na jembe, simi bado kiunoni. Aliniona kwanza.

"Mkamba! Supa! Dira ilipona?"

Nikaitikia hiyo salamu yao, nikamwambia ilikuwa ni mfuko wangu.

"Nilijua. Si nilibeba?"

"Mbona hukusema?"

"Kwa mzee? Angeamini nani, wewe ama mimi?" Akang'oa magugu, akakung'uta udongo. "Na wewe, ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Lini?"

Ningeweza kusema siku hiyohiyo. Hangejua kamwe. "Siku ya tatu," nikasema. "Nikaja kwako, nikakuta umeenda."

Alihesabu kitu kichwani, nikaona midomo ikisonga. "Mimi niliondoka asubuhi ya hiyo siku," akasema. Kisha akainama tena kwenye mstari wake wa vitunguu, nami nikasimama hapo mpaka mpimaji akanipigia honi.

Daftari liko mbele yangu. Maneno "simi ya yule mwenyeji" nimeyakata kwa mstari mmoja, ili bado yasomeke, na juu yake nimeandika "nondo zangu".