Spika Alivyojitangaza

Mdogo wangu amezika watu wengi kwa mdomo wake. Ndiyo kazi yake: anasukuma baiskeli yenye kipaza sauti nyuma, anatangaza watoto waliopotea, bei za magodoro, na misiba. Hasa misiba. Mtaani wanamwita Spika. Akianza tu, "Ndugu, jamaa na majirani, kwa masikitiko makubwa," watu wanazima redio na kushika vifua. Nyumbani hapati hata robo ya heshima hiyo. Mkewe humwambia, "Punguza sauti, baba, hapa hajafa mtu."

Figo zake zilipogoma, nikapimwa mimi, ikaonekana yangu moja inamfaa. Dada mtu, ningempa hata zote mbili. Zikabaki gharama za upasuaji. Tukapita nyumba kwa nyumba kuchangisha. Loo! Mtu anakukaribisha, anauliza hali ya mgonjwa, anakusindikiza hadi nje. Mwenye duka la jirani ndiye alinichefua kuliko wote. "Mungu atajalia, dada," akasema, na droo yake ya fedha kaifunga mbele ya macho yangu. Atajalia, sawa, na wewe je? Daktari alishatuambia wazi kwamba tukichelewa, mwili wa mgonjwa hautaweza tena kuhimili kisu.

Spika akasema, "Leteni simu, nirekodi mwenyewe." Amelala, uso umevimba, anahema. Akaanza vile alivyozoea, akajitaja kana kwamba anamtangaza mtu mwingine. Nikamkatiza, "Wee! Huo si mwanzo wa msiba?"

"Dada, mwanzo mwingine hausimamishi watu."

Mbishi tangu utotoni, nikamwacha. Rafiki yake, fundi baiskeli, akachukua rekodi ile, akatoka nayo mtaani kwa baiskeli ile ya kipaza sauti.

Sikuwahi kuiogopa sauti ya mdogo wangu hadi mchana ule. Nimemshika mkono, midomo yake imefumba, na huko nje anaongea. Sauti ikapita dirishani, ikaenda mbali, ikarudi kwa mtaa wa nyuma. Mkewe akafunga dirisha, ikaingilia mlangoni. Kisha betri ya kipaza sauti ikaanza kuisha. "Kwa masikitiko makubwa, mwenzetu Spika," ilisikika vizuri, lakini yaliyofuata, ya kuomba mchango wa upasuaji, yakazama, mazito, ya polepole, kama mtu anayesemea chini ya udongo. Mgonjwa akafumbua macho.

"Nani huyo ananiita?"

Nikamdanganya kuwa ni muuza magodoro.

Haukupita muda, ua ukajaa watu. Hakuna aliyebisha hodi. Waliingia kimyakimya, wakakaa kwenye viti walivyokuja navyo, na katikati mtu kaweka beseni. Kila anayeingia anatumbukiza noti. Mwenye duka alitumbukiza nyingi, machozi yakimtoka. "Maskini," akamnong'oneza mwenzake, "alijirekodi kabisa kabla ya kukata roho."

Hapo nikaelewa. Nikataka kutoka niwaambie yu hai, mke wa mdogo wangu akanivuta nguo. "Wifi, subiri kidogo. Beseni linajaa."

Lakini mgonjwa alishasikia vilio. Akainuka, shuka mabegani, akaniegemea, tukatoka. Hakuna aliyepiga ukelele, na afadhali wangepiga. Walimkodolea macho tu, na waliokuwa karibu wakasogeza viti nyuma. Yeye akakaa kwenye kiti kitupu, katikati ya waombolezaji wake, akawatazama mmoja mmoja. Mwenye duka, machozi yameshamkauka, akapeleka mkono kwenye beseni achukue zake.

"Kumbe pesa ya kunizika mlikuwa nayo," Spika akasema.

Mkono ukaganda hewani. Mwenye duka akaurudisha, akamsogelea, akamgusa shavu taratibu, vile unavyogusa sufuria kujua kama bado ina moto. Akaangua kilio kama mtoto, akaenda kuongeza noti nyingine. Wengine wakainuka, kila mmoja akamgusa kwanza, ndipo akaenda kwenye beseni. Wa mwisho alipomgusa, mdogo wangu naye akalia, na mimi sikubaki nyuma.

Zilitosha. Figo yangu inamkaa vizuri, na baiskeli ameshairudia. Lakini hadi leo wapo watu hapa mtaani wasioitika salamu yake mpaka wamshike mkono kwanza.