Swali la Verna Lindqvist

Verna Lindqvist alipika shuleni hapa kwetu Minnesota miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyefaulu kumdanganya kuwa ameshiba. Alipostaafu, sisi wanawake wa kanisa tukampa kazi ya kuchunguza nani anastahili mchango wetu wa mwaka. Maskini vyama vya hisani! Verna hana habari na ripoti zao za picha. Anapiga simu na kuuliza jambo moja tu: mwaka huu mmeshindwa wapi? Anayejibu kuwa hajashindwa popote, basi, hapati kitu.

Mwaka huu vilibaki viwili. Kimoja ni chama cha mjini, chenye ripoti nene inayong'aa, watoto wanacheka kila ukurasa. Cha pili ni jiko la Arlene Moe, anayewapelekea wazee chakula cha moto majumbani. Asipopata mchango wetu, jiko linafungwa kabla ya theluji, na hilo tulilijua sote.

Sasa Arlene ni mtu wa hapa hasa, na watu wa hapa kujisifu wanaona aibu kuliko kusinzia kanisani. Fomu yetu ya kuomba mchango iliuliza amefanikiwa nini. Akaandika, "Tunajitahidi," akatia sahihi. Jamani! Nilitaka kumtikisa. Wenzangu wakaanza kuielekea ile ripoti ya kung'aa, na roho ikaniuma kwelikweli.

Verna akasema ngojeni kwanza. Akaiweka simu mezani katikati ya vikombe vya kahawa, tusikie sote. Bwana wa mjini alijibu kwa sauti tamu kwamba hakumbuki kushindwa popote. Verna akamshukuru kwa adabu, akachora mstari juu ya jina lake.

Arlene alipoulizwa, lo, alifunguka. Januari supu ilikuwa ikifika baridi, ikabidi watafute vyombo vingine. Mzee mmoja alikuwa anampa paka nyama kwa kuwa hana meno. Walichelewa mwezi mzima kugundua, sasa wanamsagia. Siku moja bibi hakufungua mlango, dereva akaacha sahani kizingitini akaondoka, kumbe bibi ameanguka ndani. Tangu hapo hakuna sahani inayoachwa nje, na wameshawakuta wazee watatu sakafuni, wote wazima leo. Nusu saa nzima aliungama na kuomba radhi, nasi tunapangusa machozi.

Hatukuhitaji hata kupiga kura.

Jumapili Verna alitangaza matokeo kanisani, akamvuta Arlene mbele, uso umemwiva kwa haya. Akamnong'oneza, lakini Verna hajui kunong'ona, tulisikia wote.

"Haya mama, waambie. Mnafanya kazi ya namna gani?"

Arlene akatazama viatu vyake. Akainua kichwa.

"Nzuri," akasema. "Tunafanya kazi nzuri."

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.